Seva imekataa kuwaka: kanda za wazee wa Seme ziko wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mamboleo, Kisumu. Mwaka 2019 mpwa wangu aliniundia seva ya faili kwa kompyuta ya mezani iliyokuwa imekaa tu nyumbani. Ndani kuna diski tatu: moja ndogo ya SSD yenye mfumo wa OpenMediaVault, na mbili kubwa za terabaiti 4 kila moja. Alinieleza kwamba hizo mbili huandika kitu kimoja, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Humo nimeweka picha za familia, nakala za hatimiliki na karatasi za pensheni. Lakini kinachoninyima usingizi ni kanda. Nilipokuwa nikifundisha niliwarekodi wazee wa Seme kwa kaseti, wakisimulia sigana (hadithi za Kiluo) na asili ya koo zao. Wengi wameshatutoka. Kaseti zenyewe ziliota ukungu, nikazitupa baada ya kuzihamishia kwenye kompyuta.

Juzi mvua ilinyesha usiku, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Asubuhi skrini ilikuwa nyeusi na maneno "No bootable device". Nilimwita fundi. Alichomoa diski moja kubwa, akaiunganisha na laptopu yake ya Windows, ikamwuliza kama aifanyie "Initialize". Alitaka kubonyeza OK nikamzuia. Anasema bila hivyo hakuna njia. Mpwa wangu yuko Doha, hufanya zamu za usiku na hujibu kwa vipande vipande. Je, kanda zimepotea? Na kama hazijapotea, naweza kufanya nini mwenyewe? Siogopi kuandika amri nikielekezwa.
— Mwalimu mstaafu, Mamboleo

JIBU: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Nakuru. Nianze na lile unalolisubiri. Kwa maelezo uliyonipa, sioni sababu ya kuamini kwamba hata kanda moja imepotea. Kilichokataa ni kile kinachowasha mfumo. Sauti za wazee ziko kwenye zile diski mbili kubwa, na hakuna neno katika barua yako linaloonyesha kwamba hizo zimeumia. Ulipomshika mkono yule fundi uliokoa mengi, na nataka wasomaji wote waelewe ni kwa nini.

Mpwa wako alizifunga diski mbili pamoja kwa utaratibu wa Linux uitwao RAID 1, unaosimamiwa na programu ya mdadm. Watu wengi hudhani kwamba siri ya mpangilio huo inakaa kwenye diski ya mfumo, hivyo ikifa, mpangilio umekufa nayo. Sivyo. Kila diski ya data imebeba maelezo yake yenyewe: iko katika kundi gani, kundi lina wanachama wangapi, yenyewe ni ya ngapi. Ni kama mwanafunzi aliyeandika jina, darasa na namba yake juu ya kila daftari. Hata rejista ya shule ikiungua, madaftari yatapangwa upya bila shida. Ndiyo maana unaweza kuzichukua diski hizo mbili, ukazitia kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye Linux, na zikatambuana.

Sasa tazama hatari ilipokuwa. Kwa toleo la 1.2 la maelezo hayo, ambalo ndilo la kawaida, rejista ndogo ya diski huanza kilobaiti 4 tu kutoka mwanzo wa diski. OpenMediaVault aghalabu huitumia diski nzima bila kuigawa, kwa hiyo Windows ikiitazama haioni kitu inachokijua, inadhani ni diski mpya, na kwa upole kabisa inajitolea kuiandaa. Ukikubali, huandika jedwali la GPT (orodha ya migawanyo ya diski) kwenye sekta 34 za mwanzo, yaani kama kilobaiti 17. Rejista yako iko ndani ya eneo hilo hilo. Sauti zingebaki palepale, lakini diski isingejua tena ni ya kundi gani, na kuirudisha ingekuwa kazi ya mtaalamu na ya gharama. Nina uchungu na mafundi wanaobonyeza "ndiyo" kabla ya kuuliza ndani kuna nini. Mteja analeta maisha yake mkononi, na swali la kwanza linapaswa kuwa hilo.

Basi tuanze. Chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu wa kompyuta, na kabla ya kugusa chochote piga picha kwa simu: kebo ipi imeingia wapi. Kisha bandika kipande cha plasta juu ya kila diski kubwa, uandike A na B, pamoja na namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye lebo yake. Namba hiyo itakufaa baadaye, kwa sababu majina kama sda na sdb hubadilika kulingana na kilichochomekwa.

Sitaki uitangaze SSD imekufa bila kuipima. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna batri bapa ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya kuwasha wakati umeme haupo. Katika kompyuta ya umri huo batri hiyo mara nyingi imeisha, na mtu hajui, kwa kuwa kompyuta haikosi umeme. Siku stima inapopotea, mashine inasahau iwake kutoka diski gani, inajaribu ile kubwa isiyo na mfumo, na kukuandikia maneno hayo hayo uliyoyaona. Ingia kwenye mipangilio ya mwanzo (mara nyingi ni kitufe cha Delete au F2 mara tu unapowasha). Tazama saa na tarehe. Kama tarehe imerudi miaka mingi nyuma, nunua batri mpya hapo mjini, iweke, rekebisha tarehe, kisha chagua SSD kuwa ya kwanza katika mpangilio wa kuwasha. Hakikisha pia kwamba diski zimewekwa katika hali ya AHCI (namna ubao mkuu unavyozungumza na diski). Inawezekana kabisa shida yako yote ikaishia hapo.

Kama SSD haionekani kabisa kwenye orodha ya diski, badilisha kebo yake ya data na tundu lake kwenye ubao. Bado haionekani? Hapo nakubali imekwisha. Ikiwa inaonekana lakini haiwaki, usiitupe. Ndani yake kuna faili moja ya thamani, /etc/openmediavault/config.xml, yenye mipangilio yote ya mpwa wako, na inaweza kunakiliwa kwa kompyuta nyingine ya Linux.

Sasa kanda. Tafuta flashi tupu ya gigabaiti 8 na uombe mtu mwenye intaneti nzuri akuwekee SystemRescue. Huo ni mfumo wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, na zana zote za kazi hii zimo tayari. Chomoa SSD. Chomoa diski B, ifunge kwa kitambaa, iweke kabatini na ufunge. Tutafanya kazi na A peke yake, kwa sababu kila moja ina kila kitu, na hata tukijikwaa kwa A, B haijaguswa. Naomba usiiruke hatua hii hata mtu akikuambia ni kupoteza muda.

Washa kutoka flashi. Ukifika kwenye skrini nyeusi yenye maandishi, andika startx upate dirisha la kawaida, ufungue terminali (dirisha la kuandikia amri), na uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE

Utaona orodha. Tafuta diski ya ukubwa wa terabaiti 3.6 (ndiyo hiyo ya 4, kompyuta inahesabu kwa namna yake) yenye maneno linux_raid_member. Tuseme ni sda. Yale maneno matatu ndiyo rejista niliyoitaja, na ukiyaona jua kwamba tumevuka mto. Kisha:

cat /proc/mdstat

Mfumo unaweza kuwa umeshaijenga safu, yaani lile kundi la diski, wenyewe na kuiita md127. Ikiandikwa "inactive", ni kwa sababu mwenzake B hayupo, na hiyo si dalili ya ugonjwa. Isimamishe, kisha uijenge kwa kuilazimisha iridhike na diski moja, na kwa kusoma tu:

mdadm --stop /dev/md127
mdadm --assemble --run --readonly /dev/md127 /dev/sda

Ikiwa tayari ni "active", andika tu mdadm --readonly /dev/md127. Halafu:

mount -o ro,noload /dev/md127 /mnt
ls /mnt

Neno ro linazuia kuandika. Neno noload ni la diski za aina ya ext4 (namna ya kawaida ya Linux ya kupanga faili): stima ilipopotea ghafla, kuna uwezekano kazi ndogo zilibaki hazijakamilishwa, na kwa kawaida mfumo hutaka kuzimalizia kwanza, jambo linalohitaji kuandika. Kwa noload tunauambia uache. Kama diski si ext4, lsblk itakuonyesha ni nini, na hapo uniandikie kabla ya kuendelea.

Kuna neno moja sitaki kabisa uliandike: --create. Ukitafuta msaada utakutana na mtu anayedai kwamba ukiiunda safu upya kwa mdadm --create, data itarudi. Amri ile inaandika rejista mpya juu ya ya zamani. Ukikosea mpangilio, toleo au mahali data inapoanzia, safu itaonekana nzima na faili hazitasomeka, na kila jaribio la kurekebisha litazidi kuharibu. Unachotaka ni --assemble, kukusanya kilichopo. Yeyote anayekuharakisha kwenda kwa --create hajali kanda zako.

Ukiona folda zako ndani ya /mnt, usianze kusikiliza wala kupanga. Nakili. Nunua diski mpya ya nje yenye nafasi ya kutosha, uichomeke kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani. Terabaiti 2 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde ni kama saa tano na nusu. Kwa tundu la zamani la USB 2 utalala na kuamka bado haijaisha. Ukishaifungua diski ya nje, tuseme kwenye /media/nje, anza na kilicho cha pekee duniani:

mkdir -p /media/nje/kanda
rsync -rtv /mnt/kanda/ /media/nje/kanda/

Weka jina la folda yako palipo kanda. Picha zifuate, hatimiliki zifuate, filamu mwishoni kama zimo. Diski nyingi za nje huja na mpangilio wa exFAT, nao haukubali alama ya nukta mbili wala ya kuuliza katika jina la faili. Kama ulizipa kanda majina yenye saa, mfano 14:30, rsync italalamika juu ya hizo; ziandike pembeni, tutazibadilisha majina. Kwa mvua za huko ziwani, kama jirani ana UPS (batri ya kushikilia umeme ukipotea) mwazime siku hiyo.

Wakati nakala ikiendelea, sikiliza diski. Mlio laini wa kuzunguka ni sawa. Ukisikia tik, tik, tik za kurudia, zima mara moja, usijaribu tena, na umgeukie B. Ikiwa B nayo inalia hivyo, usiiwashe tena kamwe nyumbani. Huko ndiko kwenye kazi ya maabara.

Ukishazihesabu faili kwenye diski ya nje na kusikiliza chache mwanzo, katikati na mwisho, kujenga seva upya ni kazi ya alasiri moja. Weka SSD mpya, ya gigabaiti 120 inatosha. Sakinisha OpenMediaVault huku A na B zote zikiwa zimechomolewa, ili kisakinishi kisipate nafasi ya kuchagua diski isiyo yake. Zima, rudisha A na B mahali pake kwa kufuata ile picha ya simu, washa. Ingia kwa kivinjari. Jina la kuanzia ni admin na nenosiri ni openmediavault, na ulibadilishe papo hapo. Tangu toleo la 7 sehemu ya RAID imekuwa programu-jalizi ya kuongezwa, openmediavault-md, kwa hiyo usishtuke usipoiona kwenye menyu. Ukienda kwenye mifumo ya faili, chagua "Mount". Usichague "Create", kwani huko ndiko kufomati.

Folda za pamoja utazitengeneza upya, ukielekeza kwenye folda zilezile zilizopo. Majina ya watumiaji na nenosiri zao vilikufa na SSD. Linux huandika mwenye faili kwa namba, na Debian, ambayo ndiyo msingi wa OpenMediaVault, huanza kuwapa watumiaji namba 1000. Kwa hiyo wasajili watu wako kwa mfuatano uleule wa mwanzo: kama ulikuwa wa kwanza na mpwa wako wa pili, iwe hivyo tena. La sivyo utaziona faili na ukataliwe kuzifungua, nawe utadhani zimeharibika.

Jambo moja la kumwuliza mpwa wako leo, kabla hajalala: je, alizifunga diski kwa msimbo wa siri wa LUKS? Akisema ndiyo, mwulize ufunguo ni nenosiri analolikumbuka au ni faili iliyokuwa kwenye SSD. Sidhani alifanya hivyo, lakini kama ni faili, basi kuifufua SSD kunakuwa kazi ya kwanza, na usiifute wala kuitupa.

SWALI: Nina seva ya faili yenye mfumo wa TrueNAS iliyokuwa ikiwaka kutoka flashi ya USB, na flashi imekufa. Diski zangu nne zimeunganishwa kuwa hifadhi moja kwa mpangilio wa ZFS. Nimeweka flashi nyingine na mfumo mpya, lakini inasema hifadhi inatumiwa na mfumo mwingine. Nimeishiwa na nguvu.
— Section 58, Nakuru

JIBU: Jirani yangu, umebakisha hatua moja. ZFS huandika kwenye diski utambulisho wa mashine iliyozitumia mwisho, kuzuia mashine mbili zisiandike kwa wakati mmoja. Mfumo mpya una utambulisho mpya, kwa hiyo unaonekana mgeni. Andika zpool import peke yake kwanza: itakuorodheshea hifadhi na hali yake bila kugusa kitu. Ukiona zote nne ni ONLINE, na una hakika hakuna mashine nyingine inayozitumia, andika:

zpool import -f -o readonly=on -R /mnt jina

Weka jina la hifadhi yako. Nakili ya lazima, kisha zpool export jina, halafu uiingize kwa njia ya kawaida kupitia kurasa za TrueNAS. Usisakinishe toleo la zamani kuliko ulilokuwa nalo, maana kama uliwahi kuiboresha hifadhi, toleo la zamani linaweza kukataa kuifungua. Na achana na flashi kwa mfumo. TrueNAS huandika kumbukumbu zake mara kwa mara na flashi za kawaida hazikuumbwa kwa hilo. SSD ndogo kabisa itakufaa zaidi. Siku mfumo utakapotulia, pakua faili ya mipangilio pamoja na mbegu ya siri, uiweke kwenye barua pepe yako. Bila mbegu hiyo, nenosiri zilizohifadhiwa ndani hazitafunguka.

SWALI: Diski yangu inalia tik tik. Rafiki anasema niifunge kwa mfuko wa plastiki, niiweke kwenye friza usiku kucha, asubuhi nikopi haraka haraka. Ni kweli?
— Lurambi, Kakamega

JIBU: Usifanye hivyo, tafadhali. Ukiitoa kwenye baridi, unyevu wa hewa ya Kakamega utageuka matone ya maji juu ya chuma ndani na nje. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na tone dogo kabisa la maji ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Izime sasa. Ikiwa kilichomo ni filamu za kupakua, nunua nyingine uendelee na maisha. Ikiwa ni cha pekee, ifunge kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye boksi lenye sifongo, na uipeleke kwa maabara yenye chumba safi cha kufungulia diski. Uliza gharama ya uchunguzi kabla ya kuiacha, na uandike kwenye boksi mara ngapi umeiwasha tangu ianze kulia.